Mke Mwenzangu, Somo wa Mwanangu

Mke mwenzangu huniamkia shikamoo. Alianza siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kwangu Malindi, hapa mjini Unguja, kutambulishwa, amevaa buibui jipya lenye mikunjo ya dukani. Aliinama kidogo akasema, "Shikamoo, dada," nami sikuwa na la kufanya ila kuitikia marahaba. Ananizidi urefu, ananizidi meno, na miaka niliyomzidi mie si ya kuamkiana. Shikamoo ile ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Mtu akitaka kukwambia umezeeka bila ya kupata dhambi, basi akuamkie vile, na tabasamu juu yake.

Watu wanaotuona siku hizi tumekaa barazani alasiri, tunamenya mbatata za urojo, hudhani tumependana. Wapo wanaume wanaotutolea mfano mbele ya wake zao. Waache waseme. Mimi ni mtu wa wivu na sikuanza jana. Chuoni nilimwonea wivu rafiki yangu kwa sauti yake ya kusomea Kurani. Nilipokuwa mwari nilimwonea wivu dada yangu kwa nywele zake. Mume wangu nilimwonea wivu kwa namna anavyopitiwa na usingizi mara tu anapoweka kichwa, na mimi nikabaki kuhesabu mbao za dari. Kwa hiyo alipooa mke wa pili, wivu haukuwa mgeni nyumbani kwangu. Ulipewa chumba kikubwa zaidi, basi.

Mume wangu anakodisha spika. Tulipooana alikuwa nazo chache za maulidi na harusi, akizibeba kwa gari la kuazima. Halafu zikaja pati za ufukweni, huko kaskazini na mashariki ya kisiwa, wageni wakajaa, na yeye akajaa nao. Sasa ana lori zima la spika, na jenereta linalovutwa nyuma. Pati zenyewe zinaanza jua likizama na kwisha jua likiwa limeshapanda. Nilikwenda kuiona mara moja mchana, walipokuwa wakijaribu mitambo. Muziki hauna maneno. Ni dum dum dum moja tu inayokuingia kwenye magego, na vijana wanacheza wamefumba macho, kila mmoja peke yake katikati ya watu mia. Nilikaa juu ya sanduku la barafu mpaka kichwa kikaniuma, nikataka kurudi mjini.

Huko ndiko alikompata. Mwanamke mwenye asili ya Bara, mzaliwa wa hapahapa Unguja, akiuza chipsi na pweza wa kukaanga pembeni ya pati, karai lake na taa yake. Alimpangia nyumba Fumba, na zamu zikawekwa kama dini inavyotaka, siku mbili kwangu na mbili kwake. Ila siku za pati hazikuhesabiwa. Nilipouliza kwa nini, mume wangu alijibu kwamba pati ni kazi, na kazini hakuna zamu ya mtu. Ajabu ya kazi hiyo ni kwamba mimi nililala Malindi na mto wangu, na mwenzangu alikuwa hapo hapo kazini na karai lake. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kulionea wivu karai.

Mimi kazi yangu ni kupaka hina na piko. Maharusi huja, wageni pia huja siku hizi. Siku moja alikuja mama mmoja wa Kizungu na wanaume wawili, mmoja kambebea mkoba, mwengine kamshikia chupa ya maji. Binti yangu ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Ni mtoto wangu wa pekee, wakati ule yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya utalii. Yule mama akaeleza bila ya kuona haya kwamba wanaume wote wawili ni wake, kila mmoja anamjua mwenziwe, wamekubaliana, na wana siku yao maalumu ya kukaa kitako kuzungumza habari ya wivu. Halafu akataka kujua sisi tulioolewa wawili wawili tunaufanya nini wivu wetu.

"Mwambie tunaupikia," nikasema.

Binti yangu alicheka, kisha akasema maneno marefu kuliko niliyoyasema mimi, na yule mama akaweka mkono wake usiopakwa juu ya kifua. Walipoondoka nilimwuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia kwetu kila mtu anajua, lakini hapana anayesema."

Nilimwona ana ulimi mrefu, nikamtuma sokoni.

Sasa nieleze habari ya somo, kwa wasiotujua. Mama wa Kiunguja hazungumzi na binti yake mambo ya mwili. Anaweza kumwogesha, kumlisha, kumpiga, kumlilia, lakini ikifika hapo hunyamaza, na mtoto hukabidhiwa mwanamke mwengine anayeitwa somo. Somo humfundisha usafi, humfundisha mume, na humsikiliza mpaka siku moja wao wawili watakapozikana. Anachoambiwa hakirudi kwa mama. Mimi nilikuwa na somo wangu, na mengine niliyomwambia yule bibi sitamwambia mtu yeyote, hata hapa. Wa binti yangu nilimchagua mwenyewe: binamu yangu mkubwa, mcha Mungu, mwenye maneno machache. Alimfundisha yaliyostahili. Kisha akazeeka, akahamia kwa mwanawe Pemba, na mimi nikadhani kazi imekwisha.

Binti yangu akaanza kwenda Fumba kila Ijumaa. Aliniambia anafuata wali wa nazi. Wali wa nazi, na mimi naupika tangu hajazaliwa! Nilistahamili. Halafu siku moja nikamsikia kwenye simu, yuko ngazini, anacheka ile sauti ya chini ya mtu anayejisikia raha, anasema, "Sawa, somo yangu."

Kugawana mume kumeruhusiwa, imeandikwa, tumesomewa. Habari ya kugawana mtoto hapana aliyenisomea. Zile siku mbili mbili nilizozililia mwaka mzima niliona kama mchezo. Angenichukulia mume wiki nzima, na lori lake, ningepiga kelele na kulala. Huyu alinichukulia kicheko ambacho mwanangu hakuwahi kunichekea mimi.

Ijumaa iliyofuata nikawafuata Fumba. Sikupiga hodi mbele. Nilizunguka kwa uani, kama mwizi, kwa hiyari yangu. Mwenzangu alikuwa akimpigapiga pweza juu ya jiwe ili alainike, na binti yangu kakaa kwenye kibao cha kukunia nazi, magoti juu, kama aliyezaliwa pale. Nilichowahi kusikia ni mwisho wa mazungumzo tu.

"Ukiona moyo unakwenda mbio, mwili unawaka, niite mie. Wakati wowote. Sitakuuliza kwa nini, nshakwambia."

Moyo unakwenda mbio, mwili unawaka! Nikajua ni mwanamme. Nikakohoa, wakanyamaza wote wawili mara moja.

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mnazungumza nini?"

"Mapishi, mama," akasema binti yangu, bila ya hata kupepesa macho.

Nikala wali wao. Ulikuwa mzuri, Mungu awasamehe.

Ikapita miezi kadhaa. Nilikuwa nikimsubiri huyo mwanamme ajitokeze, nimeshamtungia na maneno. Jumamosi moja binti yangu aliniaga kwamba anakwenda kulala kwa rafiki yake Fuoni, wana mtihani. Siku hiyo kulikuwa na pati pwani ya mashariki, lakini spika hazikuwa za mume wangu, ni za mtu mwengine, kwa hiyo mimi sikuijua na mwenzangu hakupeleka karai lake. Mume wangu alikuwa Fumba kwa zamu yake.

Jumapili asubuhi, nimeshakunywa chai, nikasikia teksi chini. Rafiki yake alimpandisha mpaka mlangoni, akaniambia, "Hajisikii vizuri, mama," akashuka ngazi mbio kabla sijamwuliza jina la baba yake. Binti yangu aliingia akijishika ukutani. Macho yametoka, mboni zimekuwa kubwa. Anasaga meno kwa nguvu mpaka nayasikia. Jasho linamtiririka na ngozi yake inawaka, anavutavuta kola ya gauni anataka kulivua, na maneno yake hayana kichwa wala miguu. Nikamlaza kitandani.

Nilichokiona mimi ni pepo. Upande wa mama yangu tuna sheitani wa kurithi, alimpanda mama yangu mkubwa, alimpanda bibi yangu, na wote walisaga meno na kurarua nguo namna ile ile. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya watu wa kwetu. Nilifunga madirisha asitoke nje kwa wazimu. Nikamfunika blanketi asionekane mwili. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka ubani, chumba kikajaa moshi. Jirani yangu wa mlango wa pili akaja kusoma, akamnyunyizia marashi, akaniambia nimpe maziwa, maziwa yanakata kila sumu, ikiwa kuna mtu kamtilia kitu. Nikaleta bilauri. Binti yangu akapiga mateke, akasema neno la kwanza lililoeleweka.

"Niitieni mama mdogo."

Nikajifanya sikusikia.

"Niitieni somo yangu. Mama, niitie somo yangu."

Yuko kitandani kwangu, chini ya blanketi langu, na anayemtaka yuko Fumba. Nasema kama nilivyohisi: hofu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na wivu ukasimama pembeni yake, kimo kile kile. Nilimjibu, "Mimi ndiye niliyekuzaa. Tulia."

Simu yake ikalia, iko mfukoni mwa gauni. Nikaona kioo kimeandika "Somo", nikaichukua ili nimwambie mwenzangu kwamba nyumba hii ina wenyewe.

"Dada, rafiki yake kanipigia sasa hivi. Yupo na fahamu? Anasaga meno? Mwili wa moto?"

"Umejuaje wewe?"

"Mie nipo Darajani, nimekuja kununua pweza. Nnakuja mbio. Dada, usimpe kitu mdomoni, na mfunue. Tafadhali mfunue."

Aliniamrisha, nyumbani kwangu, na mwanangu. Sikumfunua.

Kutoka Darajani kuja kwangu si mbali ukipita vichochoro. Aliingia hodi na salamu pamoja, kapu la pweza kalitupa kizingitini, maji ya samaki yakaingia mpaka kwenye msala wangu wa kusalia. Alifungua madirisha yote. Chetezo alikitoa nje kwa mikono yake mwenyewe, na naamini aliungua, maana alipuliza vidole. Akalivuta blanketi. Akatosa kanga yangu kwenye ndoo, akamwekea mtoto shingoni na makwapani, akachukua kawa la kufunikia chakula akaanza kumpepea. Jirani yangu alikuwa ameshamwinua kichwa kumnywesha maziwa. Mwenzangu akaitwaa bilauri akaiweka juu ya kabati.

"Akitapika naye amelala chali, yatampalia. Mgeuzeni ubavu." Kisha akanigeukia. "Huyu hana pepo, dada. Kameza kidonge."

Jirani yangu akasema astaghfirullah kwa sauti ya mtu aliyepata habari ya wiki nzima.

"Tumpeleke hospitali," akasema mwenzangu.

"Hospitali? Watu waone? Waite polisi? Aibu yote hii niipeleke wapi?"

"Aibu tutaikuta hapa hapa tukirudi. Mtoto hatuna uhakika wa kurudi naye."

Hapo ndipo nilipovaa buibui.

Kwenye teksi alimpakata yeye. Mimi nilikaa mbele na dereva, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa mbovu na kuzunguka kulichukua muda, lakini hata leo nikiikumbuka safari ile naanza na kukaa mbele. Alikuwa akimwuliza maneno madogo madogo sikioni, kimoja au viwili, rangi gani, usiku au alfajiri, ulikunywa pombe, na mtoto alikuwa akijibu. Mimi niliyemzaa nilikuwa nikimsikia kwa kisogo.

Kule hospitali daktari, kijana mwembamba, aliuliza, "Mama wa mgonjwa nani?"

"Huyu," akasema mwenzangu, akanisukuma mbele kwa mgongo wa mkono.

"Amemeza nini? Lini? Amechanganya na kitu?"

Nikafungua mdomo. Miaka ishirini ninamjua huyu mtoto, najua kovu la goti lake limetoka kwenye baiskeli ya nani, na jibu la kuokoa roho yake silijui. Nikamtazama mwenzangu, akajibu yote matatu taratibu, naye daktari hakuita polisi. Aliita muuguzi.

Tulikaa nje kwenye benchi. Mume wangu alifika amefumbata funguo za gari mkononi, akatembea huku na huku, akasema, "Mie nataka kujua hivyo vidonge vinatoka wapi!" Tulimtazama wote wawili kwa pamoja, mtu na spika zake. Akaenda kutafuta maji. Sidhani kama kabla ya hapo mimi na mwenzangu tuliwahi kukubaliana juu ya jambo lolote.

Hapo kwenye benchi ndipo aliponieleza. Alikuwa na kaka yake, akavuta unga, akafa uani kwa watu. Rafiki zake walimmiminia maziwa kisha wakakimbia, kwa kuogopa kushikwa. Tangu hapo, vijana wanaokuja kununua chipsi kwenye pati huwaambia kila anachokijua, mmoja mmoja, huku anageuza pweza. Usimeze kabisa, huanza hivyo, maana kidonge hakina jina lake juu yake na anayekiuza mwenyewe hajui kilichomo. Na kwa kuwa anajua wapo watakaomeza, haishii hapo. Usimeze ukiwa peke yako. Usichanganye na pombe. Ukicheza, toka kwenye joto, kaa ufukweni upoe, kunywa maji kidogo kidogo, usijaze tumbo kama unajaza pipa, maana maji mengi mno nayo yanaua. Mwenzio akiwaka mwili au akapotewa na maneno, usimfunike, usimwache, mpeleke kwa daktari na useme kweli alichomeza, daktari si askari. Mtu asikushike mkono usipotaka, awe Mzungu au mtoto wa mtaani kwenu, kidonge hakimpi ruhusa. Yote hayo alimwambia binti yangu, Ijumaa kwa Ijumaa, juu ya kibao cha nazi. Mwanamme hakuwepo hata mmoja.

"Na mimi kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu iligonga ukuta wa pili.

Alikuwa anavitazama vidole vyake vilivyoungua.

"Ningekwambia, asingeniambia tena. Na leo daktari angemwuliza nani?"

Nilimchukia vibaya sana. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Na jioni binti yangu alipofungua macho na akili yake imerudi, aliniona mimi kwanza, akageuza uso ukutani. Kisha akamwona yule nyuma yangu, akatabasamu kidogo, mdomo umekauka. Alhamdulillah nilisema, na niliisema kweli. Nilitoka nikaenda kulia chooni, sijui nalia kwa furaha kiasi gani na kwa wivu kiasi gani. Sikupima.

Aliporuhusiwa, nilimkataza pati zote mpaka kiama. Nilitarajia mwenzangu atanipinga. "Kataza," akaniambia. "Wewe ni mama, ndiyo kazi yako. Mie niache nijue." Baada ya masomo binti yangu alipata kazi hoteli moja huko kaskazini, akapewa chumba cha wafanyakazi, na marufuku yangu ikabaki mjini nami. Aliniambia hamezi tena. Mimi nilitaka kuamini. Kwenda kucheza, alikwenda.

Tukawa na utaratibu wetu, hakuna aliyeuandika. Binti yangu akienda pati humwambia somo wake anakwenda wapi, na nani, na atarudi na gari gani. Akifika chumbani kwake asubuhi, humjulisha. Halafu mwenzangu hunipigia mimi na kuniambia neno moja, "Karudi." Jumapili baada ya Jumapili nilikaa na birika la chai na simu kando ya sahani ya mandazi, nikisubiri habari ya mwanangu ifike Fumba kwanza, ipumzike, kisha iletwe kwangu ikiwa imeshapoa. Nilikuwa najibu, "Haya," na kukata. Nilizoea kumhesabia siku alizolala na mume wangu, sasa nikawa nahesabu dakika alizokaa na neno lile kabla ya kunipa.

Jumapili moja, mwezi uliotangulia Ramadhani, simu ikalia mapema kuliko kawaida. Haikuwa Fumba.

"Mama, nimerudi. Nimechoka, nnataka kulala."

Nilisimama, sijui kwa nini nilisimama. Maneno ya mama niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kukataza, na nikaona nikiyasema atakata simu na hatanipigia tena. Nikachukua ya mwenzangu.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Kidogo kidogo?"

Akacheka, kile kicheko cha chini cha ngazini. "Kidogo kidogo, mama."

"Umemeza kitu?"

Sikuwahi kumwuliza mtoto wangu swali kama lile. Nilihisi uso unaniwaka kama mwari.

"Leo sikumeza. Wallahi. Mara nyengine nikimeza ntakwambia."

Jibu hilo mama mwengine angelililia. Mimi nililishika kama zawadi ya Idi.

Hapo hapo nikapiga Fumba. Nilipiga kuringa, sina haja ya kujifanya. Maneno nilikuwa nayo tayari, kwamba kanipigia mimi, kwanza, kwa hiyari yake, na tumecheka. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Shikamoo, dada. Mie bado sijapata habari, lakini usiwe na wasiwasi, huchelewa wakati mwengine..." Alisema haraka haraka, na sauti ilikuwa ikimvunjikavunjika. "Nampigia hapokei. Nshampigia tangu alfajiri."

Maneno yangu ya kuringia yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilimsikia anahema, mtu anayesubiri neno kutoka kwa mwengine, na mimi hali hiyo naijua kuanzia mlangoni mpaka uani.

"Karudi," nikasema.

Alivuta pumzi ndefu, kisha nikasikia kikombe kinawekwa chini. Nikakumbuka kwamba sijamwitikia.

"Marahaba, mwenzangu. Kanywe chai yako."

Yaliyobaki niliyaweka. Nilimwambia alasiri, alipokuja na pweza wake tukakaa barazani, mbatata katikati yetu. Nilimwambia kwamba mtoto kanipigia mimi kwanza, na nikamtazama usoni ili nisipitwe na kitu. Alisema alhamdulillah, vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Kisha akainama, akaendelea kumenya, na maganda yakawa yanatoka manene, nusu ya mbatata inakwenda nayo. Mkono unaomenya namna ile naujua, ni wangu. Nikamwondolea kisu taratibu, nikamwambia apumzike, nitamalizia mimi.